Springi za Gari Jekundu

Kabla sijaendelea na somo la leo, tulieni niwasimulie habari za ndugu wawili wa tumbo moja waliokuwa wakiishi kule mlimani, nyumba zao zikitenganishwa na shamba moja tu la migomba. Mama yao, mjane, aliishi katikati yao. Alikuwa na maumivu ya mgongo tangu siku alipoteleza akikata majani ya ng'ombe.

Yule ndugu mkubwa alifanya kazi bandarini miaka mingi. Alipostaafu akarudi nyumbani na gari. Ndugu zangu, halikuwa gari la kubebea mbolea! Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, limeundwa zamani lakini bado linang'aa, na lilikuwa limelala chini hivi kwamba kuku asingepita uvunguni bila kuinama. Mnacheka? Yeye hakucheka. Alilipenda. Na furaha yake kubwa ilikuwa kwamba sasa yeye, mtoto wa kwanza, ndiye atakayempeleka mama kanisani.

Jumapili ya kwanza mama akavaa kitenge kipya, akaingizwa ndani kwa kushikwa mkono. Barabara yao mnaijua ilivyo, mawe na makorongo mpaka unapoikuta lami. Walipofika kwenye uwanja wa kanisa, mama hakushuka mara moja. Alishika mlango, akavuta pumzi.

"Gari lako zuri, mwanangu," akasema. "Lakini limenihesabia mifupa yote."

Jumapili iliyofuata akapanda gari la mdogo.

Sasa huyo mdogo aliuza vyakula vya kuku pale sokoni. Alikuwa na kigari cheupe kilichochakaa, kina vumbi la pumba mpaka kwenye siti, lakini kilikwenda polepole na kwa upole. Mama alikaa mbele, kioo kimeshushwa, akisalimia kila mtu njiani. Mkubwa aliwaona wakipita mbele ya geti lake. Aliona mama amegeuka kumtazama mdogo, anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Kicheko kile hakikumtoka masikioni. Akajiuliza, wanacheka nini? Wananicheka mimi? Nilipokuwa nikituma bati za nyumba ya mama, huyu alikuwa bado anavaa kaptula. Leo ndiye dereva wa mama? Wiki nzima chakula hakikumpendeza. Akisikia kigari kikiwashwa ng'ambo ya migomba, anaacha alichokuwa akifanya, anasikiliza kinaelekea wapi. Hebu niulize, kuna mtu humu anayejua hali hiyo? Unajua mlio wa gari la jirani kuliko sauti ya mke wako?

Basi akaamua kwamba gari lake litalainika, iwe isiwe.

Alianza na mto wa kukalia. Haukusaidia kitu. Akapunguza upepo kwenye matairi, rimu ikagonga jiwe ikapinda. Mwishowe akashuka mjini, kwa mwanamke mmoja fundi mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha mbao. Fundi yule alilipiga gari jeki, akaingia chini yake na tochi, akakaa huko muda mrefu.

"Baba, gari hili halikuzaliwa hivi," akasema alipotoka. "Aliyekuwa nalo kabla yako alikata springi ili lilale chini. Akaweka rimu kubwa na matairi membamba kama mkanda. Shokapu zinazomeza mtikiso zimekufa, zinavuja. Kila shimo linakwenda moja kwa moja mgongoni kwa aliyekaa."

"Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Rimu ndogo na matairi manene ninayo. Bushi za mpira ninazo. Lakini springi ndefu za gari hili na shokapu zake, hizo ni za kutafuta. Magari ya namna hii ni machache."

Akatafuta. Akapiga simu bandarini kwa wenzake wa zamani, akaenda Arusha, akarudi mikono mitupu. Jumapili tatu zikapita, kigari cheupe kikipita mbele ya geti lake na mama ndani. Halafu siku moja fundi akampigia simu. Vifaa vimepatikana, alete gari.

Ndugu zangu, lile gari lilipotoka gereji lilikuwa limeinuka kama mtu aliyenyooka baada ya kuumwa. Mkubwa akalipitisha kwenye makorongo kwa makusudi. Likayapokea moja baada ya jingine, likainama kidogo, likainuka, bila kelele. Jumapili akamfuata mama mapema, kabla mdogo hajawasha lake. Walipofika kanisani mama akashuka mwenyewe, akanyoosha kitenge.

"Leo umenibeba," akasema. "Kama nimekaa kitandani."

Mkubwa alitakiwa amshukuru Mungu pale pale, sivyo? Lakini wakati wa kurudi, alipofika mbele ya duka la mdogo wake, alipunguza mwendo na kupiga honi mara tatu. Mdogo akatoka mlangoni, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji. Akaupunga mkono wa kushoto, akatabasamu. Mkubwa akaona lile tabasamu, likamchoma. Mbona huyu haumii? Mbona hata akishindwa anafurahi?

Jumatatu akarudi gereji kumshukuru fundi, na katika mazungumzo akamuuliza, "Hivi zile springi ulizipata wapi?"

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akasita. "Niliambiwa nisiseme."

"Na nani?"

"Na mdogo wako. Mama yenu alimweleza unavyohangaika. Akaenda Tanga, akazunguka kwenye magari mabovu siku mbili, akakuta moja kama lako lililopata ajali. Alilala chini yake akazifungua mwenyewe, bati likamkata mkono. Alipozileta akaniambia, 'Fundi, usimwambie kaka. Akijua zimetoka kwangu hatazikubali.'"

Mnamwona yule bwana amesimama pale? Uso wake umewaka moto. Angeweza kulia. Angeweza kupanda mlimani akamshika ndugu yake mkono ule wenye bandeji. Lakini kitu alichokisikia yeye kilikuwa kimoja tu: hata hili la kumbeba mama, amelifanya yule mdogo. Hata ndani ya gari langu, mama amebebwa na yeye!

"Zitoe," akasema.

"Nitoe nini, baba?"

"Springi zake na shokapu zake. Nirudishie zangu."

"Zako zimekufa!" fundi akasema. "Mimi nimetengeneza magari miaka ishirini, sijawahi kufunga kibovu kwa makusudi. Kama ni hivyo, chukua vyuma vyako, tafuta mwingine."

Akavichukua. Akapata mafundi wa kando ya barabara, wakafunga bila kuuliza. Vile vizuri akavitupa ndani ya buti la gari kama takataka. Gari likalala chini tena. Akarudi nyumbani nalo, likimpiga njia nzima, naye akisema moyoni, afadhali. Sasa sidaiwi shukrani na mtu.

Jumapili ikafika. Mama akatoka na kitenge chake, anatabasamu, akaingia bila wasiwasi. Kumbukeni, yeye alijua gari limepona. Akakaa amejilegeza, kama mtu anayekwenda kukaa kitandani. Korongo la kwanza likamtupa. La pili akapiga yowe, akashika dashibodi.

"Limefanyaje tena, mwanangu?"

"Ni gari la zamani, mama. Vumilia, tunafika."

Akavumilia. Mama zetu huvumilia, na sisi tunajua, ndiyo maana tunawafanyia tunayowafanyia. Pale kwenye daraja dogo tumbo la gari likagonga mwamba, na mama akashika kiuno kwa mikono miwili. Walipofika kanisani, mlango ukafunguliwa, lakini mama hakuweza kuinua mguu. Jasho lilikuwa likimtiririka, naye alikuwa akiuma mdomo ili asilie mbele za watu.

Mdogo alikuwa amekwishafika na kigari chake. Akaja mbio. Akainama kumshika mama, na alipoinama akaliona lile gari, jinsi lilivyolala chini. Akatazama gurudumu. Akatazama uso wa kaka yake. Akaelewa yote.

"Kaka," akasema, "shika upande ule. Tumwinue pamoja."

Wakamwinua. Mmoja huku, mmoja kule, na ule mkono wenye bandeji ukawa chini ya mgongo wa mama, damu ikaanza kutokeza kwenye kitambaa. Mkubwa akauona. Hapo ndipo akalia, mtu mzima, mbele ya kwaya nzima.

Mtaniuliza, je, alizirudisha zile springi garini? Alizirudisha. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa yule mama fundi kabla hajafungua, akaomba radhi, na mdogo wake alikuwa amesimama kando yake. Gari lilipona Jumatatu. Mama alilala kitandani mwezi mzima, hadi wa pili ukaanza.

Sasa nataka tuangaliane usoni. Yule bwana alidhani anamkomoa nani? Mdogo wake. Na mdogo wake aliumia nini? Siku zote alikuwa kwenye kigari chake, anakwenda polepole. Makorongo yote yalimwingia mama.

Na sisi je? Hatuna magari mekundu, lakini springi tunazing'oa. Kuna mwenzetu humu alikataa mwanawe afundishwe hesabu bure, kwa sababu mwalimu ni mtoto wa fulani. Leo anayefeli ni mtoto. Kuna bomba la maji limeletwa hadi kona ya kitongoji chetu, na tumepiga kura ya kulikataa kwa sababu aliyelileta tulisoma naye na tumechoka kusikia jina lake likitajwa. Wanaobeba ndoo ni wake zetu. Tumepokea wema, tukakagua umetoka mkono gani, tukautupa kwenye buti.

Mimi sitawaambia muache wivu kwa siku moja, maana najua haung'oki kirahisi, nami ninao. Nawaomba jambo dogo zaidi. Kabla hujakataa kitu kizuri kwa sababu ya aliyekileta, geuza shingo utazame siti ya pembeni yako. Mtazame aliyekaa pale, atakayeyapokea makorongo. Mtaje jina moyoni mwako, sasa hivi, tukiwa tumenyamaza.

Halafu tusimame tuombe. Na yule uliyemkumbuka wewe, usimwache mpaka tumalize.