Mkanda wa Aliyesimama

Wa nyuma sogeeni mbele, na mwenye simu aizime. Hadithi hii haitaki mtu wa kusikiliza kwa sikio moja, kwa sababu mwisho wake si wa msimulizi, ni wenu.

Palikuwa na klabu ya ngumi pale Tanga, mtaa wa Ngamiani, iliyotoa mabingwa watatu wa uzito wa juu, kila mmoja na zama zake. Wa kwanza, Athumani Kihiyo, alijaliwa miguu. Akiikita ulingoni ungedhani imepandwa. Wa pili, Gervasi Mntambo, alijaliwa moyo, na ubishi juu yake. Wa tatu, Yasini Shekifu, ndiye kijana wa sasa anayepigana mbele ya kamera za televisheni. Huyu alijaliwa macho. Huiona ngumi kabla mwenyewe hajaamua kuitupa. Aliyewafundisha wote watatu ni mtu mmoja, Kocha Semboja, na Kocha Semboja amefariki.

Aliacha mkanda mmoja na binti mmoja. Mkanda ni wa ngozi nyeusi wenye bamba la shaba, na mabingwa wote watatu waliuvaa kwa zamu. Binti ni Mwantumu, mama mtu mzima, fundi cherehani, aliyewashonea wote watatu bukta zao.

Kocha alipooza upande mmoja, na maneno yakawa yanamtoka nusu nusu. Mwantumu ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha. Asubuhi moja, katikati ya uji, mzee alisema, "Tumu, mkanda mpe aliyesimama." Mwantumu akajibu, "Sawa, baba," akampa kijiko kingine. Kufika adhuhuri mzee hayupo. Kosa la Mwantumu, kama ni kosa, ni kwamba hakuuliza ni nani. Neno lilikuwa jepesi, na yeye alidhani amelielewa.

Tangu hapo alikuwa na ganzi. Si ile ya mtu aliyelalia mkono. Yake ilimshika mwili mzima. Alipokea pole, akapika, akarudi kwenye cherehani. Hakulia. Majirani walianza kumtazama kwa jicho la pembeni, na yeye mwenyewe alijishangaa siku mbili tatu, kisha akachoka hata kujishangaa.

Aliufikisha wosia kwa mabingwa kama alivyousikia, mmoja mmoja. Mzee Kihiyo akasema, "Mungu amrehemu, hakunisahau." Mntambo akasema, "Nilijua tu." Yasini, kwenye simu, akasema, "Asante, shangazi." Mwantumu alikata simu akajua kwamba hapo pana tatizo.

Siku ya hitima, baada ya kisomo na pilau, watu hawakuondoka. Kila mtu alijua kuna mkanda. Mwantumu alikaa uani juu ya mkeka, mkanda mapajani, mabingwa watatu wakiwa kwenye benchi mbele yake. Kabla hajafungua kinywa, vijana wa klabu walikwishaanza ule ubishi wao wa kila siku: Yasini wa leo angekutana na Kihiyo wa enzi zake, nani angetoka mzima?

"Yasini angemaliza kazi raundi ya pili," kijana mmoja alisema. "Ana urefu, ana uzito, anakula kwa mpango."

"Anakula mayai," Mntambo alidakia. "Mimi nilikuwa natoka kupakua meli bandarini ndipo naingia ulingoni. Huyu akipanda ngazi lazima apashe misuli kwanza."

"Lakini, mzee wangu, wewe ulipigana na watu wa wilaya mbili tu," Yasini alisema kwa upole, na watu wakacheka.

"Na wewe unapigana na watu waliochaguliwa na meneja wako."

Wote wakamgeukia Kihiyo. Mzee alikuwa ameegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Msinipiganishe," alisema. "Huyo Athumani mnayemsema hayupo. Hata mimi namsikia tu kwa watu."

Kicheko kikakatika. Mwantumu alijua kwamba alipaswa kumwonea huruma, lakini huruma haikuja. Alisema tu, "Kila mmoja aseme kwa nini ni yeye."

Kihiyo alianza. "Kusimama ni kutoanguka. Nimepigana miaka yangu yote, na goti langu halijagusa sakafu. Siku nilipocheza na lile jitu la Mombasa, kifundo cha mguu kiliteguka mapema kabisa. Kocha alikuwa kwenye kona akisema neno moja tu, 'Simama.' Nikasimama hadi kengele ya mwisho. Kabla ya siku ile hakuna aliyejua kama Ngamiani kuna klabu." Watu wakaitikia kwamba ni kweli, maana baba zao waliwahi kuwasimulia.

Mntambo akatikisa kichwa. "Mzee wangu, hukuanguka, sasa ulisimama kutoka wapi? Kusimama ni kuinuka. Mwaka ule walitaka kugeuza ukumbi wetu kuwa ghala la saruji, na wakubwa walikuja kutazama kama kuna cha maana cha kubakiza. Nikaangushwa mbele yao. Refa anahesabu, namsikia kwa mbali, na kocha ananiita, 'Simama, Gervasi, simama.' Nikainuka. Nikaangushwa tena, nikainuka tena, na mwisho aliyelala ni yule mwenzangu. Habari ya ghala haikuzungumzwa tena." Hili nalo lilikuwa kweli, na ukumbi upo mpaka leo.

Yasini alikuwa akitazama vidole vyake. "Shangazi," aliuliza, "gari likisimama, limefanya nini?"

"Limeacha kwenda," Mwantumu alijibu.

"Basi. Pambano langu la Dar, yule mwenzangu alikuwa kwenye kamba, macho yamegeuka meupe. Ukumbi mzima unasema mmalize. Mkono ulishaanza kwenda, nikasikia sauti ya kocha, 'Simama.' Nikashusha mikono. Refa ananiambia pigana, watu wananizomea, mimi sirushi ngumi mpaka watu wa kona yake wakatupa taulo. Daktari alisema ngumi moja zaidi ingemuua. Baada ya hapo ndipo kina mama wa mtaa huu wakaanza kuleta watoto wao klabu, maana ilikuwa imebaki na wazee wa kupiga soga." Kina mama waliokuwa jikoni walisikika wakisema ndiyo.

Mwantumu alikuwepo kwenye mapambano yote matatu, na bukta ya akiba kwenye kikapu. Alikumbuka sauti ya baba yake kila mara, neno lile lile, kwa ukali ule ule. Hakupata tofauti. Akamtazama shehe aliyesoma hitima, naye akasema wosia hauongezwi neno wala haupunguzwi, akarudi kwenye kahawa yake.

Ndipo Kihiyo alipouliza, "Mwanangu, baba yako alipolisema neno hilo, chumbani alikuwepo nani?"

"Mimi tu."

"Ulikuwa umekaa?"

"Nilikuwa nimesimama, baba. Kiti kilikuwa kifupi, nikikaa kijiko hakimfikii."

Mntambo, mbishi wa wabishi, aliinamisha kichwa. "Miezi yote ile," alisema polepole, "sisi tulikuwa tunakuja Ijumaa, tunamsalimia, tunaondoka."

Yasini akasema, "Lakini, shangazi, nisamehe. Alisema 'mpe'. Angekuwa anakusudia wewe, angesema 'chukua'."

"Maneno yalikuwa yanamtoka nusu," Kihiyo alijibu. "Na Semboja tangu lini akajua kumshukuru mtu usoni?"

Hilo kila mtu alilijua. Kocha hakuwahi kumwambia binti yake asante, si kwa bukta, si kwa uji. Mwantumu aliushika mkanda kwa mikono miwili. Kitu kilimgusa kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakikuwa huzuni. Kilikuwa woga. Akiuchukua, huenda anawadhulumu watu watatu wosia wa kocha wao. Akiutoa, huenda anaigawa asante pekee aliyowahi kupewa na baba yake, na wa kumuuliza yuko kaburini.

Kati ya mabingwa wote watatu hakuna anayenyoosha mkono, na Mwantumu anawatazama nyinyi. Mkanda ni mmoja na haukatwi. Haya, semeni: aliyesimama ni nani?