Jiko Jipya la Mhanga

Paukwa! Wa kule nyuma mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Mhanga, mnyama wa pua ndefu, mla mchwa. Fundi wa kuchimba mashimo. Akachimba mawili chini ya kichuguu kimoja, ubavu kwa ubavu. Moja akakaa mwenyewe. La pili akampangisha Mama Ngiri na mwanawe.

Shimo lile la pili lilikuwa na jiko la udongo. Jiko kuukuu, limepasuka huku, limemeguka kule. Mama Ngiri akiwasha, fuu, moshi. Akipuliza, fuu, moshi. Mtoto kohoo, kohoo, mchana kutwa.

Mama Ngiri akaenda kwa jirani. "Hodi, baba mwenye nyumba. Jiko limekufa. Mwanangu haponi kifua."

"Nyinyi ngiri huingia nyumbani kinyumenyume," Mhanga akasema. "Uso umebaki mlangoni. Moshi unakupata wapi?"

"Mimi sawa. Mtoto je?"

"Haya. Kesho."

Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa mtondo. Mtoto kohoo, kohoo. Mwishowe Mhanga akamwita Nyigu, mfinyanzi. Nyigu akafinyanga jiko jekundu, laini, zito. Mhanga akalitazama. Akalizunguka. Wivu ukamwingia, jamani, wivu mbaya.

"Hili liende kwa mpangaji? Mimi mwenye nyumba nipikie lile la tangu ujana wangu? Wapita njia wasifu mihogo ya Ngiri? Haliendi."

Akaliweka kwake. Lake la zamani, lenye nyufa nyingi kuliko lile la kwanza, akampelekea Mama Ngiri. "Nimekubadilishia," akasema, wala hakuona haya.

Mama Ngiri akawasha. Fuuu! Moshi ukajaa shimo, ukatafuta upenyo, ukapanda kichuguuni. Mtoto akakohoa hadi akalala chini. Mama Ngiri akatoka mbio kuomba maji kwa jirani. Alipochungulia tu, akaliona jiko jekundu.

Hakugomba. Akasema, "Kumbe ulikuwa unamwonea wivu mtoto mgonjwa." Akambeba mwanawe, akahamia kwa Nungunungu, bondeni. Huko jiko lilikuwa la kawaida tu, ila zima. Siku ya tatu mtoto akaacha kukohoa.

Mhanga akacheka. Akawasha jiko lake jipya, moto safi. Akapanda kichuguuni kutafuta kitoweo. Kwaru, kwaru, akachimba. Mchwa hakuna. Kwaru, kwaru, hata mmoja. Moshi umewahamisha wote.

Akarudi akakaa mbele ya jiko jekundu, hana cha kuinjika. Upepo wa bondeni ukamletea harufu ya mihogo ya Mama Ngiri. Na bado, wanangu, akaona wivu.

Basi mwenye nyumba, chombo kikichakaa kwa mpangaji wako, mbadilishie kwa moyo mweupe. Ukimhusudu unayemhifadhi, hasara hurudi kwako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye jiko bovu aliloahidi kulibadilisha, aondoke sasa hivi, sisi tutamsubiri.