Mkwe Aliyemo Ndani ya Ngogwe

Wewe unayetema ngogwe jikoni kwangu, njoo ukae hapa usikie kwanza umemtema nani.

Zamani ngogwe zote, hizi nyanya chungu za milima ya Upare, zilikuwa tamu. Hakuna aliyeonja kabla ya kupika, na watoto walizila mbichi shambani. Ndulele, yule jamaa yao mwenye miiba na matunda ya manjano, aliishi mbali ukingoni mwa msitu, na hakuna aliyemtamani.

Wakati huo bibi arusi alikwenda kwa mumewe na kibuyu cha mbegu za ngogwe kutoka shamba la mama yake. Asiye na mbegu alirudishwa. Alikuwapo mjane aitwaye Nakijwa, mwenye binti mmoja, Nambike. Binti alikuwa ameshaposwa pale mnyauko ulipoingia shambani. Miche ililala mmoja baada ya mwingine, ikabaki mitatu. Kule msituni ndulele alisimama mzima, hana habari na ugonjwa.

Nakijwa alichukua unyoya wa kuku, akakusanya vumbi la ua la ndulele, akalipaka ndani ya ua la ngogwe, kisha akalifunga kwa uzi nyuki wasiingilie. Alitamka na maneno ya kuozesha, maana kwake hiyo ilikuwa ndoa. Ila kwa haraka zake alisahau jambo ambalo hata mpumbavu wa kwetu halisahau: hakuuliza kwao bwana arusi ni akina nani.

Mbegu za ndoa ile ziliota miche iliyofanana yote, laini, isiyonyauka, yenye matunda matamu. Nakijwa alilia kwa furaha. Nambike akaolewa, kibuyu kimejaa mbegu za matunda hayo.

Alipozipanda mbegu za kibuyu kule ukweni, katika kila miche minne mmoja ulitoka na miiba, na tunda lake lilikuwa chungu kama nyongo. Tena majani ya miche hiyo yaligeukia mlango wa nyumba, hata jua likiwa upande mwingine. Mama mkwe, Namsemba, alionja akatema.

"Nambike, ni nani huyu umetuletea? Nakupa mavuno matatu. Akiwa bado yumo, utarudi kwenu."

Nakijwa alipanda mlima kumwokoa mwanawe. Waling'oa yenye miiba, wakapanda mbegu za mitamu tu. Mwenye miiba akarudi yule yule. Ndipo Nakijwa akatenga mbegu za kila mche katika kigae chake, akazipanda mstari kwa mstari, ili ajue ni mama yupi anayemficha. Alichokiona kilimnyima raha. Katika kila mitamu mitatu, miwili ilikuwa imembeba ndani, na kwa macho huwezi kuitambua. Mistari iliyotoka safi ilikuwa michache mno.

Mavuno ya tatu yalipokaribia, aliamua kung'oa yote isipokuwa ile safi. Alipofika kwenye mche wa mwisho wa miiba, mzizi ulivutika, ukavutika, hauishi, ukielekea chini ya nyumba. Kisha mzizi nao ukaanza kumvuta yeye. Sauti kavu ikatoka udongoni.

"Mama mkwe, uliniita nikaja. Mbona kwetu hujauliza?"

Nakijwa aliuachia, akaenda kwa Namsemba, akakiri yote. Namsemba aliuchukia uchungu wa zile ngogwe, lakini desturi ya ukwe aliiogopa zaidi.

"Kumbe ni mkwe," alisema. "Aliyeozeshwa hafukuzwi. Nikimng'oa yeye, huyu mwanao nitambakiza kwa sheria gani?"

Nambike akabaki.

Na tangu siku hiyo ngogwe huonjwa kabla ya kuingia chunguni, maana hata mbegu iliyoonekana safi miaka mingi humtoa ghafla. Mche wa miiba ukitokea, huachwa ukingoni mwa tuta, na mama mwenye shamba huuamkia kila asubuhi. Mama yangu alifanya hivyo, nami hufanya. Mwaka juzi nilikuwa na wageni wa mjini, nikaona haya kuuamkia mmea mbele yao. Nikapita kimya.

Nyuma yangu nikasikia, "Marahaba."