Mbuzi ya Bi Mize na Kiti cha Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kidundu, alikuwapo mjane jina lake Bi Mize, mkuna nazi wa jumba la Sultani. Goti lake moja lilikuwa halikunjiki, basi kila alipoketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ile fupi, alianguka ubavu pamoja na nazi yake. Ikawa akamwomba Sultani kipande cha gogo, aiinue mbuzi.

Sultani akasema, "Nikikupa gogo wewe, kesho mpishi atataka kitanda. Chombo ni kimoja kwa watu wote. Asiyekiweza kilivyo, atoke jumbani kabla ya alasiri ya kesho."

Amri ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Bi Mize akarudi jikoni akilia, maana wanawe wanne walishiba kwa ukoko wa jiko lile.

Akamkuta Ngwali, mfagiaji wa baraza, maskini aliyehesabiwa mpumbavu. Ngwali akamwambia, "Usilie, dada. Amri hii nzuri, ila haijatumika vya kutosha."

Sasa, kiti cha enzi kilichongwa kwa ajili ya babu yake Sultani, aliyekuwa mrefu kama mnazi. Sultani mwenyewe alikuwa mfupi, akipanda kwa ngazi ya vidato vitatu. Asubuhi Ngwali akafagia baraza, akafagia na ngazi.

Wageni wakakusanyika. Sultani akafika, kiti kikamfika kidevuni. Akaruka mara ya kwanza, akaruka mara ya pili, kilemba kikapanda kitini peke yake. Wageni, wasijue la kufanya, wakakiamkia kilemba.

"Ngwali, ngazi yangu iko wapi?"

"Nimeitoa, Bwana wangu. Nikikuachia ngazi wewe, kesho waziri atataka mbawa."

"Mjinga wewe, nimezaliwa mfupi. Huu si uvivu."

"Na goti la Bi Mize si uvivu, Bwana wangu. Nakuhimiza tu, maana alasiri i karibu."

Kadhi wa mji, aliyekuwa kati ya wageni, akaisoma amri, akaigeuza karatasi kutafuta jina la aliyesamehewa, asilione. Akasema, "Muhuri ni wako, Bwana wangu."

Sultani akakitazama kilemba chake kikipokea salamu, akacheka hata akakaa sakafuni. Akaamuru gogo liletwe, na ngazi irudishwe.

"Gogo halitoshi," akasema kadhi. "Aliyemliza mtu kwa amri yake hulipa." Akahukumu Sultani akune nazi siku ile juu ya mbuzi ile ile fupi, bila gogo, mguu umefungwa kwenye mwiko usikunjike.

Basi jioni wageni wakala wali mkavu usio na tone la tui, wala hapana aliyethubutu kuuliza kwa nini Sultani amekaa upande. Ngwali alipoambiwa achague zawadi, akaomba ufagio wenye mpini mrefu, kwa kuwa mgongo wake nao ulikuwa umechoka kuinama. Akapewa fagio mbili.