Kinyozi wa Mfalme Anayetekenyeka

Hapo zamani, mimi nikiwa mzuri zaidi ya hivi, mji wa Mtepweni ulikuwa na mfalme anayetekenyeka kichwani. Wembe ukimgusa tu, kwa-kwa-kwa! Anaangua kicheko, kichwa kinarukaruka kama kuku tengani. Vinyozi wakamkimbia. Nywele zikasongamana hadi njiwa akataga humo. Msibishe, yai nililila mimi.

Mjini humo kijana Vuai alitaka kufungua kibanda cha kunyolea. Wembe anao, lakini nani atampa kichwa ajifunzie? Akaenda kwenye chama cha vinyozi, akawaangukia mafundi watatu.

Fundi Dosa akasema, "Mwanangu, jifunzie hapa." Akainamisha kichwa. Vuai akamkata, akamkata tena, mpaka kichwa kikawa kama nanasi. Ila mkono ukawa mwepesi.

Fundi Mbwarali, bingwa wa maneno ya kuchosha, akamfundisha kuzungumza na wateja. "Mteja akihangaika, msimulie ukoo wa mbuzi wangu, kuanzia bibi yake."

Fundi Tumbe akamgawia wateja wake mwenyewe. Halafu akaenda kumdhamini ikulu. "Mfalme akitoka damu, kateni shingo yangu!"

Vuai akaitwa ikulu, mafundi wote watatu wakamfuata. Wembe ukagusa, mfalme akaanza kwa-kwa... Vuai naye akaanza habari za mbuzi. Kufika kwa shangazi wa mbuzi, mfalme anakoroma! Kichwa kikanyolewa, kikang'aa, tone la damu hakuna.

Mfalme akaamka, akajitazama kwenye sinia. "Nani kakufanya kinyozi? Huyo nampa ng'ombe wa maziwa. Hachinjwi, hauzwi, hagawanywi. Na usipomtaja, nakunyoa nyusi na kibanda hufungui!"

"Ni mimi!" akasema Dosa. "Tazameni kichwa hiki! Nzi wakitua wanajikwaa!"

"Mkono mwepesi utafaa nini kwenye kichwa kinachoruka?" akadakia Mbwarali. "Mfalme kalazwa na mbuzi wangu, ambaye babu yake..."

"Nyamaza, tusilale sote!" akafoka Tumbe. "Nyinyi mmetoa ngozi na mate. Mimi nimeweka shingo! Bila mimi angeingiaje ikulu, kwa kupenya chini ya mlango?"

Vuai akawageukia mafundi. "Wazee wangu, nikimtaja mmoja, wawili watanuna. Kesho nikikwama nimwendee nani?"

"Taja!" mfalme akanguruma, wembe mkononi, anazitazama nyusi.

Haya, nyinyi mnaojiona mna akili, msaidieni kijana wa watu. Ng'ombe apewe aliyetoa kichwa, aliyetoa ulimi, au aliyeweka shingo?