Jiwe la Bibi Mosi

Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Wambea huipenda sana methali hii, ila wao hukomea nusu ya kwanza: wakisikia neno, kwao tayari ni kweli. Nusu ya pili huiacha kwa sababu ina kazi ndani yake. Kisa hiki ni cha nusu ya pili.

Katika kitongoji kimoja cha milima ya Uluguru, juu ya Mlali, mbele ya nyumba ya Bibi Mwanvita palikuwa na jiwe pana la kusagia, lililolika katikati likawa kama sahani. Jiwe hilo lilikuwa fahari ya ukoo. Ilisimuliwa kwamba Bibi Mosi, aliyemzaa mama yake Mwanvita, alilitoa bondeni akalipandisha mlima kichwani bila kulitua, kwani alikuwa ameapa kwamba mahali atakapotua mzigo ndipo patakuwa kwake na kwa watoto wa binti zake. Kila kizazi kiliongeza chumvi yake. Mama yake Mwanvita aliongeza mvua ya mawe. Mwanvita akaongeza chui, ambaye alipomwona Bibi Mosi alimpisha njia kwa adabu zote. Binti wa ukoo alipokaribia kuolewa, alikalishwa juu ya jiwe hilo akasimuliwa kisa chote, chui akiwemo.

Yasmin, mjukuu wa Mwanvita, naye alikalishwa hapo, na kisa kilimwingia hasa. Ndicho kilichompa moyo wakati kikundi chao cha akina mama kiliponunua mashine ya kusaga. Siku zote walishuka Mlali na mahindi kichwani, wakapanda na unga. Mama yake Yasmin aliteleza kwenye mteremko huo akavunjika nyonga, na tangu hapo alitembea kwa kushikilia ukuta. Yasmin aliapa kwamba mwaka huu unga utasagwa mlimani.

Mashine ilifika Mlali ikakwama. Mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara, ikabaki njia ya miguu tu. Mjomba wake, Stambuli, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alikwisha kupata mnunuzi wa Gairo. Wanakikundi nao walikubali kwa shingo upande kwamba ikifika Ijumaa haijapanda, iuzwe kabla haijaota kutu.

"Shikamoo, Mjomba," Yasmin alisema alipomfuata nyumbani kwake. "Tutaifungua vipande, kila mtu abebe chake."

"Marahaba. Na gurudumu la injini? Lile halifunguki, mwanangu. Ni chuma kitupu. Vijana wa bodaboda wenyewe wamelikataa."

"Bibi Mosi alibeba jiwe."

Stambuli alitabasamu. "Haya, bebeni kama yeye."

Jumatano akina mama walianza kuchimba msingi wa kibanda cha mashine, karibu na jiwe lile. Lilikuwa limeingia kidogo kwenye msingi, wakataka kulisogeza. Walichimba ubavuni mwake, wakakuta linaendelea. Walichimba zaidi, likazidi kupanuka. Jiwe halikuwa na mwisho, kwa maana lilikuwa sehemu ya mlima wenyewe. Hakuna mtu aliyepata kulibeba, wala aliyeweza.

Stambuli aliitwa, akachungulia shimoni. "Kumbe Bibi Mosi aliubeba mlima mzima," alisema, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kilipokwisha, wanawake walianza kuaga. Huyu ana mgonjwa, yule maharage yake yanaharibika shambani. Devotha, rafiki yake Yasmin wa siku nyingi, ndiye pekee aliyesema ukweli: "Tulijipa moyo kwa kile kisa. Sasa kisa chenyewe ndicho hicho."

Yasmin aliona aibu, kisha akapandwa na hasira. Alimkuta bibi yake jikoni akichambua mchicha.

"Bibi, umetudanganya."

"Nilisimuliwa hivyo, nikasimulia hivyo."

"Jiwe halikubebwa."

"Basi halikubebwa," alisema Bibi Mwanvita bila kuacha mchicha wake. "Kama hakubeba yeye, wewe nani kakukataza kubeba?"

Yasmin alitoka akaenda kusokota ngata ya kuwekea mzigo kichwani.

Alhamisi alfajiri alishuka Mlali. Njiani alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Devotha, ngata yake mkononi. "Nimekuja kukuona ukishindwa," alisema, na wote wawili wakacheka. Wengine wakawafuata mmoja mmoja, hata yule mwenye mgonjwa.

Mashine ilifunguliwa, vipande vikagawanywa. Gurudumu lilihitaji wawili wa kuliinua na wa tatu wa kuingiza kichwa. Yasmin aliweka sharti moja: lisitue. Aliyechoka angempa mwenzake, kichwa kwa kichwa, maana walijua kwamba wakilitua mara moja tu hakuna atakayekubali kuliinua tena. Wakapanda hivyo, shingo zikiwaka moto, miguu ikitafuta mizizi ya kukanyaga. Walipofika pale alipoanguka mama yake, Yasmin aliomba kulibeba yeye. Machozi yalimtoka, lakini alipita.

Karibu na kitongoji walimkuta Stambuli amesimama njiani. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliwatazama, akanyoosha mikono ili apokee mzigo auweke chini wapumzike.

"Asante, Mjomba, lakini halitui," Yasmin alisema kwa pumzi za kukatika. "Ukitaka kusaidia, leta kichwa."

Stambuli alitazama huku na huku. Kisha akavua kofia yake, akaomba ngata, akainama. Hakwenda mbali, lakini alikwenda.

Gurudumu lilituliwa mahali pamoja tu, juu ya jiwe la Bibi Mosi. Jioni hiyo hiyo Stambuli alimpigia simu mnunuzi wa Gairo akamwambia asisumbuke kuja. Mashine ilipowaka, mama yake Yasmin alijikongoja hadi kibandani, akakinga unga wa kwanza kwa viganja vyake.

Siku hizi binti wa ukoo akikaribia kuolewa, bado hukalishwa juu ya jiwe. Bibi Mwanvita humsimulia juu ya gurudumu la chuma lililopanda mlima bila kutua, na jinsi chui alivyotoka kichakani akawapisha wanawake njia.

"Bibi, hapakuwa na chui," Yasmin alimkatiza siku moja.

"Alikuwepo," Stambuli alidakia kutoka uani. "Mimi nilikuwa na mzigo kichwani, na alinipisha."

Yasmin alimtazama yule binti aliyekaa juu ya jiwe, akaona jinsi alivyokaza macho na kunyoosha shingo kana kwamba mzigo wake umekwisha kufika kichwani. Akaacha kubisha. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.