Viatu vya Shuwari

Wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tema kwanza. Hadithi hii haitaki kelele, na mimi mwenyewe huwa inaniliza.

Katika mji mmoja wa wafugaji wa farasi walikuwako watu watatu. Bi Mwanaesha alijua kuchagua viatu vya farasi: akishika kwato tu, anakwambia chuma gani kinafaa njia gani. Fundi Msellem alijua kuvipigilia. Kiatu chake hakijapata kung'oka njiani. Na Kombo alijua kupanda farasi masafa ambayo wengine huchoka kwa kuyasikia tu.

Basi Zuhra, binti wa pekee wa Bwana Faki, akashikwa na homa kali. Dawa yake ilikuwa ng'ambo ya nyika ya mawe meusi, na kila farasi aliyejaribu kupita pale alirudi anachechemea. Bwana Faki akamtoa Shuwari, farasi wake jike, aliyekuwa na mtoto bado ananyonya. "Niokoleeni mwanangu," akasema, "nami nitatoa zawadi."

Bi Mwanaesha akainua kwato za Shuwari, akazipapasa. "Chuma chepesi kitampa mbio, lakini yale mawe yatamla nyayo. Mvike kizito. Kitamchosha, ila atafika."

Fundi Msellem akavipasha viatu moto, akavipima, akapiga misumari juu kuliko kawaida yake, karibu na nyama ya mguu, ili isilegee. Sasa, desturi ya mafundi ni farasi alale na viatu vipya usiku mmoja, ijulikane kama kuna msumari unaomuuma. "Kulala kwenyewe kuko wapi?" akasema Fundi. "Mtoto anakufa. Nenda, Kombo!"

Kombo akaenda. Njiani akahisi mguu mmoja unasita. Akishuka, dawa itachelewa. Akampapasa Shuwari shingo, akamwambia, "Nisamehe mama, twende."

Shuwari akaenda. Akavuka mawe, akarudi na dawa, viatu vyote vinne viko mahali pake. Zuhra akanywa, akapona. Shuwari akalala pale mlangoni, asiinuke tena.

Bwana Faki akaleta zawadi yake: mtoto wa Shuwari.

"Mpe mwingine," akasema Bi Mwanaesha. "Uzito ule niliuchagua mimi."

"Na msumari ni wangu," akasema Fundi, machozi yanamtoka.

Kombo hakuweza hata kumtazama yule mtoto wa farasi. "Mimi nilijua anaumia," akasema, "na sikushuka."

Maskini wee! Angekosekana mmoja wao, leo Zuhra yuko kaburini. Na huku mtoto wa farasi analia uani, anatafuta ziwa anyonye. Zuhra akatoka, bado hana nguvu, akamkumbatia shingo, akauliza, "Mama yake yuko wapi?"



Haya, ninyi hodari wa kuhukumu. Msiniambie agawanywe, si mbuzi wa karamu yule. Apewe nani? Na katika hao watatu, nani amjibu Zuhra? Wewe ungeamuaje?